Mkataba umesaini?

Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwajuma, Muheza

Salumu: Shikamooni wakubwa wote. Jamani nimeitwa kazini! Basi la Dar–Mwanza, naanza Jumatatu. Niombeeni dua 🙏

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah! Leseni ya daraja C hatimaye imezaa matunda.

Dada Rehema: Hongera sana mdogo wangu. Bibi angekuwepo angepiga vigelegele.

Mjomba Athumani: Marahaba mjomba. Hongera. Mkataba umesaini?

Salumu: Bado mjomba. Tajiri mwenye basi kasema nianze kwanza tuangaliane miezi miwili mitatu. Nalipwa kwa tripu.

Mjomba Athumani: Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikaendesha basi miaka tisa sina karatasi mkononi.

Shangazi Zuhura: Athumani, mwache mtoto afurahi kidogo. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?

Mjomba Athumani: Nafurahi naye dada. Ila hili siwezi kulinyamazia. Salumu, soma mpaka mwisho.

Kulipwa kwa tripu maana yake gari likienda unakula, gari likilala gereji wiki mbili huna kitu. Ukiugua anaitwa deiwaka, yaani dereva wa kibarua, anashika usukani na hela ya siku ni yake. Ukipigwa tochi ya mwendokasi na trafiki, ile 30,000 ya faini inakatwa kwenye posho yako. Na aliyekwambia lazima uwahi kufika ni tajiri.

Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwendo wa basi mwisho ni kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu 50. Hata ukienda 80 muda wote bila kusimama popote, ni karibu saa 14. Enzi zetu kusafiri usiku kulikuwa marufuku, ruhusa ya saa 24 imerudi 2023, kwa hiyo tulikimbizana na jua. Nikifika stendi ya Nyegezi, Mwanza, miguu imevimba mpaka viatu navivua kwa kuvuta. Nalala kwenye buti, konda ananiamsha saa 10 alfajiri, tunageuza.

Dada Rehema: Mjomba samahani, naomba niulize. 2015 nilikuwa kidato cha nne, nakumbuka nyie madereva mligoma kwa sababu hamkutaka kurudi darasani. Na mwezi mmoja tu kabla kontena lilikuwa limeangukia basi pale Changarawe, Mafinga, wakafa watu zaidi ya 40. Kweli mafunzo yalikuwa kitu cha kugomea?

Mjomba Athumani: Swali zuri, na watu wengi wamebaki na hilo hilo. Ile ajali ilituumiza sana, usisahau madereva nao wanafia mle mle.

Hatukukataa elimu. Agizo la serikali lilikuwa kila ukihuisha leseni, yaani kila miaka mitatu enzi hizo, urudi chuo kwanza, na ada utoe mfukoni mwako. Huna mshahara, una posho ya tripu. Ukikaa darasani, watoto wanakula nini? Ukirudi, deiwaka keshakuwa dereva wa lile gari, na huna karatasi ya kuonyesha kwamba ile kazi ilikuwa yako. Tungekuwa na mikataba, mwajiri angetupeleka chuo na mshahara ukaendelea. Mzizi ulikuwa mkataba.

Shangazi Zuhura: Siku ile mliyogoma mimi nilikuwa stendi ya Ubungo. Ijumaa, tarehe 10 Aprili. Nasra mgongoni, ndoo ya samaki wa kukaanga mkononi, nakuja huko Muheza. Mabasi yamejaa stendi na hakuna linalowashwa. Mara mabomu ya machozi. Mama mmoja muuza maji akanivuta nyuma ya meza yake, akafungua chupa akamnawisha Nasra macho, na hela akakataa. Samaki wote walimwagika. Athumani, siku ile niliwalaani nyie madereva. Nisamehe ndugu yangu.

Mjomba Athumani: Huna kosa dada. Na mimi nilikuwa hapo hapo getini, moshi ule ule.

Siku ile ile Waziri wa Kazi na Ajira, Gaudensia Kabaka, akaja akatangaza suala la kusoma limefutwa. Tukawasha magari. Ila mikataba ikabaki ahadi. Ndiyo maana tarehe 4 Mei tukapaki tena, mara hii siku mbili, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaunda kamati.

Dada Rehema: Sasa nimeelewa. Na nikuongezee la huku kwetu kazini, maana sheria hii naishika kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe. Saa za kawaida 9 kwa siku, 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni malipo ya ziada. Mgomo halali nao una ngazi zake: mgogoro uende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wasuluhishe, chama kipige kura, mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Dereva asiye na mkataba anaanzia wapi? Tajiri atasema simjui huyu. Kinachobaki ni kupaki gari alfajiri, abiria wakiwa na tiketi mkononi.

Na Salumu, mkifikishana mbele ya sheria, mwajiri aliyeshindwa kutoa maandishi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Lijue hilo.

Salumu: Asante dada. Ngoja nimtumie tajiri ujumbe sasa hivi.

Shangazi Zuhura: Kwa heshima lakini mwanangu.

Salumu: [picha] Kanitumia mkataba. Anasema nisaini ukurasa wa mwisho, hiyo nyingine ni taratibu tu, wanapeleka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, gari lipate leseni.

Mjomba Athumani: Salumu, usisaini.

Mkataba kama huu ndio niliosaini mimi, enzi hizo LATRA ikiitwa SUMATRA. Ukurasa wa mwisho tu. Nakala sikupewa. Mgongo ulipokataa nikaenda NSSF kuangalia akiba yangu, nikakuta sijachangiwa hata mwezi mmoja. Miaka tisa.

Kuza hiyo picha. Mshahara pameandikwa nini?

Salumu: Pameachwa wazi mjomba. Saa za kazi pia.

Dada Rehema: Na dereva wa pili? Safari ndefu namna hiyo lazima muwe wawili.

Salumu: Hajatajwa.

Shangazi Zuhura: Ee Mola. Athumani, nenda naye.

Mjomba Athumani: Kesho saa 2 asubuhi nakukuta Mbezi, pale pa kuingilia stendi. Njoo na leseni na kitambulisho. Mshahara unajazwa mbele yetu, saa zinajazwa, tunatoa nakala mbili kwenye duka la jirani, moja unampelekea shangazi yako aitunze kabatini. Ufunguo unaupokea baada ya hapo.

Salumu: Akikataa je mjomba?

Mjomba Athumani: Tutarudi wote kwangu, tule, tutafute gari jingine.