Mrejesho: Kusubiri gari la Volkswagen Golf la kizazi cha nane hapa Marekani
Ndugu zangu, niliwauliza kama nisubiri Golf mpya iliyozinduliwa Ulaya mwaka 2019 au ninunue ya kizazi cha saba, na ninawashukuru kwa dhati kwa majibu yenu. Nilisubiri, lakini Golf ya kawaida, niliyoitaka kwa sababu hainywi mafuta mengi, haikuletwa; zililetwa GTI na Golf R pekee, yaani Golf zenye injini za nguvu zaidi, za modeli ya 2022. Wazo la kuagiza moja kutoka Ujerumani nililiacha, kwa kuwa gari lisilotengenezwa kwa viwango vya Marekani kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa mpaka litimize miaka 25. Ushauri wa kuweka nafasi mapema kwa muuzaji ndio ulionisaidia: nimepata GTI ya gia za mkono, nami ninaipenda mno, ingawa bei ilizidi bajeti yangu.