Wakuu, taa ya pikipiki haimuliki: niweke LED au H4 ya wati 100?

#1 Magurudumu Mawili
Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya cc 150, balbu ya kiwandani ni wati 35. Usiku sioni njia. Nikiwasha dimu ni kama nimeshika kibatari, nikiwasha fulu inamulika matawi ya miti. Natoka kazini saa nne usiku na njia yangu yote ni giza. Nimechoka kuendesha kwa kukisia. Wenye uzoefu, niweke LED au H4, ile balbu ya uzi, ya 100/90 (wati 100 fulu, 90 dimu)? Nataka niifunge wiki hii hii. Kejeli naomba wekeni pembeni.

#2 Plagi Chafu
Nimeziweka pembeni mkuu. Zipo hapa karibu, ukizihitaji niite.

#3 Fundi Waya
Kabla hujanunua chochote, nijibu mawili. Injini ikiwa imezimwa, ukifungua swichi taa inawaka? Na ukivuta mafuta inang'aa, ukiachia inafifia?

Nauliza hivyo kwa sababu kwenye baadhi ya pikipiki ndogo umeme wa taa haupiti kwenye betri kabisa, unatoka moja kwa moja kwenye koili za injini, na huo ni AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. LED iliyotengenezwa kwa umeme wa betri ukiifunga pale itapepesa au itakufa mapema.

Hiyo ya wati 100 isahau. Wati 100 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 8. Waya na swichi ulizonazo zimewekwa kwa balbu inayokula ampea 3. Utasikia harufu kabla hujaona mwanga.

#4 Kiti cha Nyuma
Mimi nilifunga LED iliyoandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 20,000. Siku ya kwanza nilijiona mfalme wa barabara. Siku ya pili kila gari linalokuja linanipigia fulu, nikadhani wananisalimia. Siku ya tatu dereva wa lori alisimama, akashuka, akaja kunionyesha jinsi anavyoniona. Niliitoa pale pale. Ila kwa kweli ilikuwa nyeupe, usipime.

#5 Fundi Waya
@Kiti cha Nyuma hizo 20,000 zipo kwenye boksi tu. H4 ya kawaida ya wati 55 upande wa dimu ni kama lumeni 1,000, na watu wameendesha nazo miaka yote. Shida ya LED kwenye taa ya zamani ni kwamba reflekta imechongwa ikitegemea uzi mwembamba wa balbu ukae mahali pale pale. Chipu za LED zikikaa milimita moja au mbili pembeni, mwanga unatawanyika: mwingi machoni mwa anayekuja, kidogo kwenye lami. Wewe unaona weupe mbele ya tairi unadhani umeona mbali.

#6 Magurudumu Mawili
Asante Fundi. Taa inawaka hata injini ikiwa imezimwa, na haififii sana. Kuhusu harufu... hiyo nimeshaisikia. Soketi ya balbu imelegea plastiki upande mmoja. Lakini aliyenifungia alisema ni kawaida, itazoea.

#7 Plagi Chafu
Itazoea 😂😂 Plastiki ikishayeyuka inakuwa imezoea kweli.

#8 Fundi Waya
Kumbe ya wati 100 umeshafunga! Sasa hapo juu ulikuwa unauliza nini?

#9 Magurudumu Mawili
Nilifunga siku nne tu nikairudisha ya zamani. Na LED nimeshanunua mbili, zipo kwenye boksi. Nilitaka kusikia maoni kwanza. Msinishambulie, hela imeshatoka.

#10 Mzee wa Breki
Vijana mnataka kutibu mwendo kwa balbu. Ukiwa kwenye 80 unakula mita 22 kila sekunde. Dimu ya pikipiki inakuonyesha vizuri mita 40 hivi, bahati yako ikiwa 50. Hesabu mwenyewe: ukishtuka tu, sekunde moja imekwenda na nusu ya mwanga umeshaimaliza, bado hujagusa breki. Punguza mwendo. Nimeendesha miaka 31, sijawahi kubadilisha balbu kwa sababu ya giza.

#11 Magurudumu Mawili
Mzee heshima yako, lakini siendeshi 80. Siku ile nilikuwa kwenye 45, pengine 50.

#12 Mama Watatu
Siku ipi?

#13 Kiti cha Nyuma
Mimi nashauri pia asafishe kioo cha taa. Changu kilikuwa na njano kama ya yai, nikakipiga dawa ya meno, kikarudi. Kilikaa miezi michache tu lakini.

#14 Mama Watatu
Mwanangu, nimekuuliza siku ipi. Na lingine: hiyo pikipiki unayo tangu lini, na giza hili limeanza lini?

#15 Magurudumu Mawili
Ninayo mwaka wa nne. Tatizo limeanza kama miezi sita iliyopita. Balbu huwa zinachoka, si ndiyo Fundi?

#16 Fundi Waya
Zinachoka, ndiyo. Lakini Mama bado anasubiri jibu lake.

#17 Magurudumu Mawili
Sawa. Wiki tatu zilizopita nilimkwangua mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli kando ya barabara. Hakuumia, namshukuru Mungu, rimu ndiyo ilipinda nikamtengenezea. Gari lilikuwa linakuja mbele, likanipofua, nikaona mwanga tu. Nyuma yangu alikuwepo mwenzangu wa kazini na pikipiki yake kuukuu, taa yake ni mbovu kuliko yangu. Yeye alimwona yule mtu mapema, hata alipiga honi, nikadhani ananiomba njia.

Ndiyo maana nataka taa kali. Nikiwa na mwanga mwingi, wa mbele yangu hautanishinda.

#18 Mzee wa Breki
Nilisema mimi. Mwendo.

#19 Mama Watatu
Huyo mwenzako mwenye taa mbovu aliona, wewe mwenye taa nzuri hukuona. Una miaka mingapi? Taa za gari linalokuja unaziona nukta, au zina pete kuzizunguka? Baba yangu alibadilisha miwani ya jua, akabadilisha kioo cha gari, akagombana na wenye taa kali wote, kumbe ni mtoto wa jicho. Mchana alikuwa anasoma gazeti bila shida.

#20 Magurudumu Mawili
Nina 47. Mchana naona vizuri kabisa. Mama tusihame mada, nimeuliza taa.

#21 Bundi Macho Makavu
Naomba niwe mbaya. Hii ni chai, tena ya moto. Post #1 anasema balbu ni ya kiwandani, #6 soketi imeyeyuka, #9 ana LED mbili ndani, #17 kagonga mtu. Kila akibanwa anatoa kipande kipya. Subirini kidogo atatokea "mdau" kusema kuna LED fulani ilimwokoa, njoo inbox. Huyu ni muuza taa.

#22 Kiti cha Nyuma
Aisee hata mimi nilihisi. Na kwa nini anunue mbili wakati pikipiki ina taa moja?

#23 Plagi Chafu
Ya pili ni ya kumulikia ya kwanza.

#24 Fundi Waya
Muuza taa gani anakuja kutangaza kwamba soketi imeyeyuka? Lakini ni rahisi kumaliza ubishi. Mtoa mada, kama pikipiki ipo, tafuta mita ya kupimia volti. Washa injini, washa dimu, pima kwenye betri, kisha pima kwenye soketi balbu ikiwa imewaka. Leta namba. Mwenye pikipiki ya kutunga atakuletea 12 na 12.

#25 Bundi Macho Makavu
Nimekaa pale nasubiri.

#26 Magurudumu Mawili
Nimerudi, nimeazima mita kazini. Betri 13.8. Kwenye soketi 11.4. Nikahamisha ncha nyeusi kutoka kwenye waya wa hasi wa soketi nikaigusisha hasi ya betri yenyewe, ikapanda 12.7. Nikafuata ule waya mpaka unapofungwa kwenye fremu chini ya tangi: bolti ina kutu ya kijani, waya umebaki nyuzi kama tano. @Bundi ukitaka njoo ulambe.

#27 Bundi Macho Makavu
Hiyo kutu ya kijani haitungiki. Nimefuta kauli. Ya muuza taa tu, zile nyingine nimezibakiza.

#28 Fundi Waya
Sasa tunaongea. Volti 2.4 zinapotea njiani, na mwanga wa balbu ya uzi hauendi sambamba na volti, unaporomoka haraka zaidi. Hapo umebaki na karibu nusu tu. Safisha hiyo bolti, badilisha soketi, weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya mnene kutoka betri, fyuzi ikae karibu na betri. Balbu ile ile ya wati 35. Kisha simamisha pikipiki mita tano kutoka ukutani, mtu wa uzito wako akae juu, ushushe taa mpaka mwanga wa dimu uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Hayo matawi ya miti unayomulika yataisha.

Ila nusu ya mwanga haielezi ile honi ya mwenzako. Hapo namwachia Mama.

#29 Mama Watatu
Mimi sina neno. Azibe jicho moja moja tu, aangalie taa yoyote ya mbali.

#30 Magurudumu Mawili
Bolti nimesafisha, tofauti ipo, hata mke wangu ameiona.

Na nimeziba macho. Nilisimama mlangoni nikaangalia balbu ya jirani. Jicho la kushoto ni nukta. La kulia ni nukta ina miba na pete kubwa, kama unaangalia kupitia kioo cha mvua. Nilifuta jicho mara tatu nikidhani ni vumbi.

Nakwenda kupima Jumatatu. Mpaka hapo mwenzangu ananibeba, nakaa nyuma.

#31 Kiti cha Nyuma
Karibu kwenye chama.

#32 Plagi Chafu
Pole mkuu, Jumatatu utupe majibu. Na zile LED mbili, boksi hujalifungua?

#33 Mzee wa Breki
@Plagi Chafu usithubutu.