Tupeane uzoefu: Mafundi mlioacha ajira mkajiajiri, pesa ya vifaa mliishikaje?

Mwanzisha uzi, fundi chuma, Gongo la Mboto

Wakuu, habari za kazi.

Vijana wanaambiwa kila siku waende VETA, wachukue ujuzi, wajiajiri. Ushauri mzuri, mimi mwenyewe umenilisha na unanisomeshea watoto. Ila yanayofuata baada ya cheti hayasemwi. Karibu kila fundi niliyemwona akifunga karakana alikuwa anaijua kazi. Alijua kupima, alijua kuchomelea. Kilichomwangusha ni pesa ya mteja kuingia mfukoni mwake ikachanganyika na ada, kodi ya fremu na deni la duka la vyuma. Geti la huyu linanunuliwa kwa advansi ya yule, na siku wateja wakipungua, hesabu yote inaanguka.

Naomba aliyepita huko aeleze kwa fani yake: pesa ya vifaa uliishikaje, iliyobaki uliidaije, na kilichokufanya ubaki au urudi kwenye ajira. Naanza.

Nilikuwa fundi kwenye karakana ya mtu. Pale unakata, unachomelea, unapiga grainda, unapaka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), Jumamosi unalipwa. Chuma kimenunuliwa bei gani hujui, luku ya umeme inaisha lini haikuhusu. Ukifungua kwako, hata kama ni chini ya mwembe, yote hayo yanakuangukia wewe, na hakuna aliyekufundisha.

Chukua geti. Mteja anakuja na bei ya fundi mwingine, iko chini ya yako kwa laki na nusu, na usoni unaona kabisa anadhani unataka kumpiga. Muulize yule mwingine ametaja skwea paipu ya geji ngapi. Hajui. Geji 16 ina unene wa kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2. Kwa macho zinafanana, na zikishapigwa rangi ndiyo huwezi kuzitofautisha kabisa. Utofauti unajitokeza masika mawili mbele, geti limelala upande wa bawaba na mlango mdogo unakwaruza sakafu. Mimi naweka mezani vipande viwili vya paipu pamoja na venia, kile kipimo cha unene, mteja anapima kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha naandika karatasi: paipu za mita 6, geji yake na idadi, shiti, bawaba, fimbo za kuchomelea, diski, rangi, usafiri. Napiga mstari. Chini ya mstari naandika ufundi peke yake. Vifaa tunakwenda wote dukani, analipa yeye kwa simu yake, risiti inaandikwa jina lake. Tangu nianze utaratibu huo ubishi kwenye ufundi umepungua sana, maana mtu anaona mwenyewe pesa nyingi imeishia kwenye chuma. La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: pesa ya vifaa haipiti mkononi mwangu, kwa hiyo mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada sina cha watu cha kugusa.

Karibuni.

Fundi umeme, Dodoma

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi ni dada, niko kwenye umeme wa majumbani. Tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016 ujenzi Dodoma haulali, kazi zipo. Taabu yetu ni kwamba nyumba moja ina awamu tatu. Kupiga mabomba ukutani kabla ya plasta, kuvuta nyaya, halafu kufunga soketi, swichi na taa mwishoni. Katikati ya awamu mteja anaweza kuishiwa, nyumba ikakaa mwaka na zaidi. Akirudi anataka umalizie kwa bei ile ile mliyopatana, wakati bei ya waya imeshapanda. Kwa hiyo sipatani tena nyumba nzima kwa mkupuo. Kila awamu ina makadirio yake, na chini ya karatasi naandika tarehe ya mwisho ya bei hiyo.

Halafu sisi tuna karatasi ambazo wa chuma na mbao hawadaiwi. Ili TANESCO waunganishe nyumba, wiring lazima iwe imethibitishwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Nilipoanza nilikuwa na cheti cha VETA tu. Unafanya nyumba yote kwa jasho lako, mwisho unamtafuta mwenye leseni agonge mhuri, naye anataka chake, na mteja hakuelewi kwa nini anadaiwa tena wakati alishamalizana na fundi. Vijana wa umeme, hilo mteja aambiwe siku ya kwanza, siyo siku nyaya zimeshavutwa. Na leseni muifuatilie mapema. Inatolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu, kwa hiyo tunza kumbukumbu za kazi ulizofanya na za mafundi uliofanya kazi chini yao.

Kuhusu kuwa mwanamke kwenye fani hii nitasema moja tu. Kazi zangu za kwanza nilipewa na mafundi wenzangu wanaume walioniona nikifanya kazi saiti. Wateja walikuja baadaye.

Mchangiaji, Mbagala

Mkuu, na mteja akikataa kwenda dukani? Wengi wako kazini, wanakwambia "wewe nunua, nitakurudishia".

Mwanzisha uzi

Anatumiwa namba ya malipo ya duka, analipa akiwa ofisini kwake, mwenye duka ananikabidhi mzigo. Maduka ya vyuma yamezoea. Akitaka ninunue kwa pesa yangu halafu anirudishie, siifanyi, hata awe jirani. Huyo hatafuti fundi, anatafuta mkopo.

Fundi bomba, Arusha

Kwenye maji kuna jambo lingine: lawama zinazokuja baada ya kazi kufunikwa. Nimefunga mabomba ya PPR (ya plastiki, yanaungwa kwa moto) bafuni, yamepimwa, yako sawa. Baada yangu anaingia fundi vigae, baada yake anakuja mtu wa kufunga kabati la kioo na drili yake. Ukuta ukianza kutoa unyevu, simu inapigwa kwa nani? Kwa fundi bomba. Na ile pesa ya kumalizia inazuiwa papo hapo.

Utaratibu wangu sasa: kabla ukuta haujazibwa naweka pampu ya kupimia presha, napandisha presha hadi ba 10, naiacha saa kadhaa mteja au msimamizi akiwepo. Geji ya pampu, ile saa inayosoma presha, inapigwa picha mwanzo na mwisho. Halafu napiga picha kila ukuta, mita ya mkononi ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona ili ionekane bomba limepita umbali gani. Picha zote namtumia mteja WhatsApp siku hiyo hiyo, zinabaki na tarehe yake. Kuna nyumba moja maji yalivuja, mwenye nyumba akaja juu kweli kweli. Nikamwomba afungue picha nilizomtumia. Skrubu ya kabati ilikuwa imetoboa bomba pale pale linapoonekana kwenye picha. Alinilipa salio na akanilipa tena kutengeneza.

Salio lenyewe nalipwa siku ya kupima presha. Kwangu kazi inaishia hapo, kufunga masinki na koki ni bei nyingine. Ukisubiri nyumba ihamiwe ndipo ulipwe, utasubiri na familia yako.

Fundi ujenzi, Singida

Nisemee kazi za Serikali, maana vijana wanazikimbilia. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19 za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, mafundi wengi wa mitaani tulipata kazi kwa utaratibu wa fosi akaunti. Kamati ya shule inanunua vifaa, fundi anapewa mkataba wa ufundi tu. Yaani kile kile anachokisema mwanzisha uzi, pesa ya vifaa haikugusi kabisa.

Lakini nao una shimo lake. Mkataba wangu ulikuwa na tarehe ya kumaliza, haukuwa na tarehe ya kuletewa vifaa. Nimekusanya wasaidizi, tumefika saiti, saruji hakuna. Ilivyokuja, mchanga hakuna. Wasaidizi wanakula kila siku, na deiwaka, kibarua wa siku, hawezi kukusubiri wiki bila kitu, anaondoka, na ukimpata mwingine unaanza kumwelekeza upya. Malipo yalikuwa kwa hatua, msingi, boma, kupaua, umaliziaji, kwa hiyo msingi usipokwisha hakuna shilingi. Nilimaliza yale madarasa nikiwa nadaiwa na mama ntilie.

Siikatai kazi ya Serikali. Pesa yake hata ikichelewa inakuja, na ina heshima, watoto wanasoma mle hadi leo. Ninachotaka kuona kwenye mkataba ni mstari mmoja: vifaa vikichelewa, siku za fundi zinasogezwa na wasaidizi wanalipwa posho ya kusubiri. Kazi zilizofuata nimeudai mstari huo. Kamati nyingine zinakubali, nyingine zinakataa, lakini angalau tunajadiliana kabla ya jembe kugusa ardhi.

Fundi seremala, Mombasa

Nawasalimu kutoka Kongowea. Huku twaita jua kali na hali ni moja. Mimi nilifunzwa na ami yangu, sikuenda chuo. Baadaye nikafanya mtihani wa ufundi wa gredi III wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani huku Kenya, nikapata karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa kufanyia kazi mahoteli.

Na hapo ndipo nataka watu waangalie. Wengi wenu mwaogopa mteja mdogo msumbufu. Kwangu mimi mteja mkubwa ndiye hatari. Hoteli moja ilinipa kazi ya kabati za vyumba vingi, nikafurahi sana. Nikachukua bodi za MDF (mbao za kiwandani) kwa deni, nikaongeza vijana. Kazi ikaisha, nikapeleka invoisi, nikaambiwa malipo ni baada ya miezi mitatu. Ikaja kuwa zaidi. Mwenye duka la mbao hajui mambo ya miezi mitatu, yeye anajua mlango wa kwako. Niliuza mashine yangu ya kupiga randa kulipa deni, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa ikinipa unga.

Hoteli bado nazifanyia kazi, ila bodi, gundi na skrubu zatoka stoo yao. Mimi naleta mikono na vifaa vya kazi. Faida ni ndogo kuliko kuuza kabati zima, lakini wakichelewa kulipa ni jasho langu tu linalosubiri, si mali ya mtu.

Fundi cherehani, Morogoro

Kwenye ushonaji pesa ya vifaa si tatizo sana, mteja anakuja na kitambaa chake. Tatizo ni nguo kushonwa zikabaki dukani. Sare za shule za Januari zinachukuliwa, mtoto hawezi kwenda uchi. Gauni za harusi na vitenge vya sare ya msiba ndiyo zinabaki zikining'inia. Nataka nusu kabla mkasi haujapita, hata kwa shoga yangu.

La mikopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, na kikundi chetu kilipata. Nilinunua mashine ya ovaloki, ya kufunga kingo za kitambaa, imenisaidia mno. Ila pesa ilitoka msimu wa sare umeshapita, na marejesho yakaanza miezi ambayo Morogoro hakuna anayeshona. Mkiomba, fanyeni hesabu ya miezi yenu ya njaa kwanza, mkae na afisa maendeleo ya jamii mkiwa nayo mkononi.

Fundi magari, Mwanza

Mimi nilirudi kwenye ajira, na nimerudi kwa moyo mweupe. Nilikuwa na gereji yangu, wateja walikuwepo. Diski ya grainda ikapasuka, ikanikata mkono. Nilikaa muda mrefu bila kushika spana. Aliyeajiriwa akiumia kazini kuna WCF, mfuko ambao mwajiri ndiye anauchangia. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia. Hospitali nililipa mwenyewe, fremu ikaendelea kudaiwa, vijana wangu wakatawanyika.

Sisemi msijiajiri. Nasema kwenye ile karatasi ya ufundi muweke na bei ya mwili wenu. NSSF wanapokea wanaojiajiri, bima ya afya mnunue wakati mkono mzima. Na kava ya grainda isivuliwe, wakuu. Tunaivua ili diski kubwa iingie.

Mchangiaji, Mbagala

Mwanzisha uzi, hiyo ya ufundi chini ya mstari unaipataje? Mtaani tunakisia tu, theluthi ya vifaa.

Mwanzisha uzi

Pole sana fundi wa Mwanza. Hilo la bima nalichukua kama lilivyo.

Ndugu wa Mbagala, theluthi ya vifaa inakudanganya. Chuma kikipanda bei unalipwa zaidi kwa kazi ile ile, kikishuka unalipwa kidogo. Na kazi ndogo yenye mikato mingi, kama ngazi ya mzunguko, inakula siku nyingi na chuma kidogo. Jumlisha mwezi mzima: fremu, luku, diski, saidia fundi, kitu cha kuweka kwa ajili ya mashine itakapokufa, bima, na mshahara wako wewe kama ungeajiriwa. Gawanya kwa siku ambazo kweli unakuwa na kazi, usigawanye kwa 30. Ukipata gharama ya siku moja, geti ukilikadiria siku nne, zidisha kwa nne, ongeza faida. Chini ya hapo mwache aende kwa mwingine.

Na ukifanyia kampuni, ujue wanakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Dai cheti cha zuio, kile ni kodi yako uliyokwisha kulipa, TRA wanaihesabu.

Mafundi vigae, mafundi rangi na mafundi friji bado hatujawasikia. Na aliyewahi kukopeshwa vifaa na duka akalipa vizuri hadi mwisho, naomba atueleze walipatanaje.