Nimeuziwa kompyuta "mpya" Mwanjelwa, kumbe diski imeshawashwa saa 14,212!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kompyuta ya mezani kwa ajili ya steshenari yangu hapa Iyunga, Mbeya. Boksi lina gundi yake, nailoni haijachanwa, muuzaji anaapa "mpya kabisa kaka". Laki saba na nusu, keshi. Risiti akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, na mimi kwa ujinga wangu nikaipokea.

Wiki ya pili ikaanza kuganda. Kuna dogo alileta ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, tukaihariri siku mbili. Kuikopi kwenye flashi, inafika asilimia 62 inagoma, na ndani ya sipiyu nasikia tik, tik, tik. Ile ripoti haikutoka tena. Dogo akanitazama tu, akaondoka bila kuaga.

Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski. Njano, yaani tahadhari! Mstari wa C5, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zenye shaka zinazosubiri kushughulikiwa, umeandikwa 1A8. Msidanganyike na hiyo namba, imeandikwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), kwa kawaida ni 424. Kilichonipandisha presha hasa kipo juu kulia: saa ambazo diski imewashwa, 14,212. Gawanya kwa 24, ni siku 592. Mimi nimekaa nayo wiki tatu na kila usiku naizima. Hizo nyingine kaiwasha nani?

Nikarudi dukani. Fundi wao: "Hii ni baridi ya Mbeya, mwezi wa saba diski zinasumbua." Programu ileile inasoma joto la diski nyuzi 34! Nikamwonyesha, akahamia kwenye bajaji, eti niliibeba vibaya. Mwisho akatoa dawa yake: "Tuifomati, itapona."

Huo mchezo muuelewe. Sekta isiposomeka, diski inaiweka kwenye foleni. Ukifanya fomati ile ndefu, kila sekta inaandikwa upya, na iliyokufa kweli inaachwa, inachukuliwa ya akiba badala yake. Foleni inasoma sifuri, fundi anakwambia "umeona?", kumbe zilizokufa zimehamia mstari wa 05, wa sekta zilizobadilishwa, na akiba inazidi kupungua. Mafaili yako ndiyo yameshakwenda. Fomati fupi ndiyo kabisa, haikagui chochote. Lakini zile saa 14,212 hazifutwi na fomati, na hilo analijua.

Nimekataa. Nataka diski mpya au hela yangu. Ananijibu garantii haihusu diski. Sasa inahusu nini, boksi?

Jumamosi narudi pale na picha za skrini, nimeshazichapa kwa rangi, wino wangu mwenyewe. Na nyie mlionunua mashine "mpya" Mwanjelwa miezi hii, fungueni muangalie saa zenu, mtupie namba hapa chini.