Laki tisa mkononi: hedifoni nzuri au spika? Naishi chumba na sebule na nina mtoto mchanga

Gitaa la Kati:

Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za mada hii nimezisoma nyingi, ila kila mtu anajibu kwa kufuata nyumba yake, kwa hiyo nimeona nilete ya kwangu.

Nimepanga chumba na sebule, Sinza. Sebule nimeipima kwa futi kamba: mita 3.2 kwa 3.6. Chini vigae, juu jipsamu, kuta za tofali la saruji. Ukuta mmoja tunachangia na mpangaji mwenzangu, mzee wa watu anayelala saa tatu. Mtoto ana miezi minne. Laki tisa nimeidunduliza mwaka mzima na mama watoto ameibariki, kwa hiyo sitaki kukosea.

Nasikiliza dansi la miaka ya 70 na 80, taarabu ya Unguja na rumba la Kongo. Nimekulia kwenye nyumba yenye redio kubwa ya mbao ya mzee, masikio yangu yamelelewa na spika. Wiki mbili zilizopita shemeji aliniazima spika zake za koni ya inchi nane pamoja na amplifaya. Nikazibana ukutani kabisa, pembe hii na pembe ile, ili sebule ipumue. Ikatokea kitu kimeninyima raha. Kuna nota moja ya besi, ikipigwa tu sebule nzima inavimba na glasi za kabatini zinalia. Nota zinazofuata hazipo, utadhani mpigaji kaweka gitaa chini.

Siku ya pili nikaenda kwa jamaa yangu mwenye hedifoni za Sennheiser HD 600. Hapo nilisikia vidole vya mpiga besi vikiburuzika kwenye nyuzi, katika wimbo ninaoujua tangu darasa la pili. Sikuwahi kujua kwamba sauti hiyo imo mle. Ila mwimbaji alikuwa kichwani mwangu, hapa katikati ya paji, na nyimbo tano tu zilinitosha.

Nifuate kipi?

FundiKoni:

Mkuu, spika za shemeji yako hazina kosa. Ni hesabu ya sebule yako.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chukua hiyo, gawa kwa mara mbili ya upana wa chumba: 343 kwa 6.4 unapata kama Hz 54, yaani mitetemo 54 kwa sekunde. Hapo ndipo sebule yako inapoitika yenyewe, mawimbi yanagonga ukuta huu na ule yakijazana. Sasa uzi wa A wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, unalia Hz 55. Kila mpigaji akigusa uzi huo, chumba kinapiga naye. Akihama kwenda D, Hz 73, msaada huo unakatika na wewe unahisi besi imekufa. Halafu ukaziweka pembeni kabisa, na pembe ndiyo mahali panapoamsha mwitikio huo kwa nguvu zote.

Jaribu hili kabla hujatoa hata shilingi. Piga wimbo uleule, toka kwenye kochi, tembea polepole kutoka ukutani hadi katikati ya sebule. Utapita mahali besi inazidi, utafika mahali inakaribia kupotea, na hapo katikati ya kuta ndipo huwa inakonda. Kuna mtu nimemwona ameuza spika nzuri kabisa, kumbe angesogeza kochi hatua moja.

Na usije ukadanganywa na mapazia. Wimbi la Hz 55 lina urefu wa mita sita na kitu, pazia haliligusi. Mapazia, zulia na kochi la kitambaa vinasaidia huku juu, kwenye sauti za waimbaji na matoazi. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama zipu inavutwa, hizo ni kuta zako tupu.

Mama Ganuni:

Kaka, naomba niseme kama mama. Nimelea wawili na mume mwenye hedifoni za kufunika masikio. Unaita, hasikii. Mtoto analia chumbani, yeye yuko na sebene. Tulikwaruzana sana kwa jambo hili, na alikuwa hafanyi makusudi, zile zinaziba kweli.

Ukichagua hedifoni chukua za wazi, zisizoziba kwa nyuma, kama hizo za jamaa yako. Mtoto akilia utamsikia. Ila ujue na zenyewe zinavuja. Ukikaa kitandani ubavuni kwa mwenzio amelala, atausikia wimbo wako wote, mwembamba kama wa redio ya mbali. Kwa hiyo sebuleni sawa, kitandani hapana.

Na joto letu hili la Dar. Za kufunika zenye ngozi bandia, Desemba unazivaa nusu saa masikio yamelowa. Zangu zilianza kubanduka mwaka wa pili, vipande vyeusi shingoni kila siku. Tafuta zenye pedi za kitambaa, na uhakikishe pedi zinauzwa peke yake.

Luthuli Sauti:

Nawasalimu kutoka Nairobi. Naunga mkono hedifoni, na sababu yangu ni pesa tu. Kwa bajeti hiyo, hedifoni inakupa karibu yote ambayo rekodi inayo. Spika za bei hiyohiyo zinakupa nusu, na hiyo nusu unagawana na chumba.

Kitu kimoja watu hupuuza ni omu, yaani jinsi hedifoni inavyoupinga umeme wa chombo kinachoipigisha. HD 600 ni omu 300. Ukiichomeka kwa simu itaimba, lakini imechoka. Tenga pesa ya amplifaya ndogo ya hedifoni. Beyerdynamic DT 770 Pro nayo inauzwa ya omu 32, 80 na 250, na sanduku zinafanana. Mimi niliuziwa 250 pale mtaa wa Luthuli na nilikuwa nataka ya simu. Sikuangalia maandishi, nikarudi nyumbani na kitu kinanong'ona. Soma namba kabla ya kulipa.

MzeeWaSanturi:

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Naomba nirudi kwenye lile paji la uso, mmelipita haraka.

Rekodi nyingi za dansi anazozipenda kijana huyu ni mono. Bendi nzima imeingia kwenye njia moja. Ukizisikiliza kwa hedifoni, sikio la kulia na la kushoto yanapokea kitu kilekile kwa wakati uleule, na ubongo hauna pa kumweka mwimbaji isipokuwa ndani ya fuvu. Kwa spika mambo ni mengine. Sauti ya spika ya kushoto inafika hata sikio la kulia, imechelewa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde na imepungua kidogo. Ukigeuza shingo, yenyewe inabaki pale. Kwa hicho kidogo ubongo unasema: huyu mtu amesimama mbele yangu. Ziko programu za kuchanganya njia mbili kidogo ili hedifoni iige hali hiyo, nimezijaribu. Zinapunguza uchovu, lakini mwimbaji hatoki nje.

Muziki ule ulipigwa ukumbini, watu wakicheza. Besi yake inaingia kifuani na kwenye nyayo, nayo hedifoni haina kifua. Kusikia vidole kwenye nyuzi ni raha, sikatai. Mimi lakini nikikosa bendi mbele yangu najiona nasoma barua ya mtu badala ya kuonana naye.

Dereva wa Usiku:

Ongezeni na masikio yenyewe. Nimeendesha magari ya mizigo miaka tisa na visikilizio masikioni, nikipandisha sauti kuishinda injini. Sasa sikio la kushoto linavuma usiku na mchana, hata msikitini kukiwa kimya. Daktari alinifafanulia kipimo wanachotumia kazini: sauti ya ukubwa wa desibeli 85 ni saa nane kwa siku, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Yaani 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja basi. Ukivaa hedifoni hakuna jirani wa kukugongea ukuta, kwa hiyo ni wewe mwenyewe wa kujizuia.

FundiKoni:

Pole sana, ndugu.

Na kama ataingia Kariakoo kwenye mtumba: amplifaya zinazotoka Japani ni za volti 100, sisi ukutani tuna 230. Geuza nyuma usome kibati. Bila transfoma ya kushushia, utaiwasha mara moja tu. Kwenye spika, gusa spanji inayozunguka koni. Ya zamani inamomonyoka kama keki kavu. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukisikia inakwaruza ndani, iache hapohapo.

Kwake yeye mimi ningechukua spika ndogo zenye amplifaya ndani, koni ya inchi tano. Akae nazo mita moja tu. Kwa karibu vile anasikia spika kuliko kuta, sauti haina haja ya kuwa kubwa, na kisanduku kidogo hakishuki sana kule Hz 54 kuiamsha sebule.

Gitaa la Kati (mrejesho):

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilitembea kama alivyosema FundiKoni na nimeiona kwa masikio yangu: ukutani inavimba, hatua mbili mbele imekonda, hatua nyingine ipo sawa. Nikaazima spika za Yamaha HS5 za rafiki mwenye studio, nikazivuta sentimita 60 kutoka ukutani, nikakaa karibu. Ile nota imetulia. Zinazofuata zipo zote, moja baada ya nyingine. Nilimuuliza mzee wa upande wa pili kama nimemsumbua, akauliza, "Kwani ulikuwa unapiga muziki?"

Jumamosi baba alikuja kumwona mjukuu. Nikaweka wimbo wake. Alisikiliza akiwa amembeba mtoto, halafu ubeti wa pili akainua kidole kuelekea katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu, akasema, "Huyo wa gitaa la kati ndiye tuliyekuwa tunakaa naye mtaa mmoja." Nimeagiza zangu jana. HD 600 nitazifikiria mwakani, kwa zile saa za usiku.

Mama Ganuni:

Hongera kaka, na mtoto akue. Umeziweka juu ya nini? Spika zangu zipo kwenye meza ya TV na meza inaitikia kidogo.

Gitaa la Kati:

Stendi za mninga dada, fundi wa mtaani. Nimempa urefu ili ile koni ndogo ya juu iwe usawa wa sikio nikiwa nimekaa, na chini tumejaza mchanga. Kwenye meza, jaribu kwanza kuweka kipande cha godoro kigumu chini ya kila moja.