Desemba imejaa, sala imekosa nafasi. Mnafanyaje?

Mama Pacha: Shalom wapendwa. Tangu mwezi uanze ni mazoezi ya kwaya, kamati ya mapambo, nguo za watoto, wageni wanaopiga simu kuuliza watalala wapi. Usiku naanza Baba Yetu, usingizi unanichukua kabla sijafika kwenye mkate wa kila siku. Kinachoniuma zaidi, nusu ya shughuli zenyewe ni za kanisa! Nisaidieni.

Mwinjilisti Mstaafu: Shalom mama. Injili ya Luka ina sura 24. Ukianza 1 Desemba, sura moja kwa siku, unamaliza mkesha wa Krismasi. Kuzaliwa kwa Yesu utakukuta mapema, sura ya 2, na tarehe 24 utakuwa unasoma ufufuo. Wapo wanaoona imekaa kinyume. Mimi naipenda hivyo hivyo. Soma asubuhi kabla hujashika simu. Usiku umeshasema mwenyewe haukufai.

Sauti ya Pili: Mimi kwaya siiachi, maneno ya nyimbo ndiyo sala yangu. Kamati ya mapambo ningejiuzulu leo. Mapambo yakipungua nani atalia?

Mama Pacha: Mwenyekiti atalia 😂 Mwinjilisti, leo tarehe 9, si nimeshachelewa?

Mwinjilisti Mstaafu: Anzia sura ya 1, hakuna mtihani. Majira ya Krismasi hayaishi tarehe 25, kwa desturi yanafika hadi Epifania, 6 Januari. Utamalizia wageni wakishaondoka.