Birika halina kibandiko: nipime omu, nibane klampu au nihesabu taa ya Luku?

Mpishi_Kijichi
Wadau, habari za usiku. Nina birika la umeme, kibandiko cha chini kimeungua, hakisomeki tena. Nataka nilitumie kwenye inveta ya wati 1500 umeme ukikatika. Naambiwa kuna njia tatu za kujua wati zake: omu (ukinzani) kwa maltimita, ampia kwa klampu mita inayobanwa kwenye waya, au kuhesabu mapepeso ya taa ya Luku, mita ya umeme. Jana saa 2 usiku jirani alinibania klampu: ampia 7.25, volti 190. Nikazidisha, wati 1378. Si linaingia kwenye 1500?

FundiWaya
Hesabu yako haina kosa, volti mara ampia ndiyo wati. Tatizo ni hizo volti 190. Umeme wa kwenu usiku umelala, inveta haitakuletea 190, itakuletea 230. Gawa 190 kwa 7.25, unapata omu 26.2. Huo ndio ukinzani wa birika, litakwenda nao popote. Sasa chukua 230 mara 230, gawa kwa 26.2: wati 2019. Inveta yako italia na kuzima kabla maji hayajapata uvuguvugu.

Mpishi_Kijichi
Aisee. Ndiyo maana usiku chai inachelewa?

FundiWaya
Ndiyo hiyo. Lita 1.7 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka, kwa wati 2019 ni kama dakika 4 na nusu. Kwa 1378 ni karibu 6 na nusu. Uniti zinazoliwa ni zilezile, pengine zaidi kidogo kwa joto linalopotea njiani.

mama_pasi
Kuhusu klampu, tahadhari. Mimi niliibana kwenye waya mzima wa pasi, ikasoma sifuri, nikamrudishia muuzaji dukani kwa hasira. Kumbe mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro unafutana. Lazima ubane waya mmoja tu. Sasa nina ekstensheni fupi, fundi aliichana ganda la nje akazitenganisha nyaya, ganda la kila waya likabaki zima. Nabana hapo.

Omu_Kwanza
Kwa kitu cha kuchemsha mimi sihangaiki na klampu. Chomoa plagi kabisa, bonyeza swichi ya birika kana kwamba unachemsha (wengi wanasahau hapa, mita inaandika OL, yaani nje ya kipimo, wanadhani koili imekatika), kisha pima kwenye pini mbili fupi za plagi. Anza kwa kugusanisha ncha za maltimita zenyewe. Yangu inasoma 0.4, hiyo naitoa. Birika langu lilisoma 26.6, kwa hiyo 26.2, sawa na lako! Na langu kibandiko kipo: 220-240V, 1850-2200W. Hebu gawanya: 220 mara 220 kwa 1850 ni 26.16, 240 mara 240 kwa 2200 ni 26.18. Kiwanda kimekuandikia omu bila kuitaja.

Mdadisi_255
Mkuu, hiyo inakubali kwa birika kwa sababu koili yake ni nikromu, ikipata moto ukinzani unapanda kidogo sana. Jaribu kwenye balbu ya zamani ya wati 60. Yangu ikiwa baridi inasoma omu 65. Ukifanya hesabu utaambiwa ni balbu ya wati 800 na zaidi. Ikiwaka, uzi wa tangsteni unafika omu 880 hivi na wati zinarudi 60. Omu ya baridi kwenye balbu ni ya kukuchekesha tu.

JokofuLangu
Na kwenye friji omu wala usianze, ile ni mota. Hata klampu inakudanganya. Langu linavuta ampia 1.1 kwa volti 225, ukizidisha ni 247. Nikazima kila kitu nyumbani, nikakaa mbele ya Luku na saa. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa inapepesa mara 1000 kwa uniti moja, kila pepeso ni sekunde-wati 3600. Pepeso moja hadi lingine sekunde 24, 3600 gawa kwa 24 ni wati 150. Uwiano wa hizo mbili, 150 kwa 247, ndio mafundi wanaita pawa fakta. Kwa friji mimi naiamini Luku, ingawa inachosha macho.

FundiWaya
Nakubaliana na JokofuLangu. Mpishi, hata ukinunua inveta ya 3000, angalia betri. Wati 2000 kwenye betri za volti 24 ni zaidi ya ampia 83, hapo sijaweka upotevu wa inveta yenyewe. Nyaya za kubeba hizo ni nene kama kidole, na betri haitakaa.

Mpishi_Kijichi
Nimerudi. Nimehesabu Luku na birika peke yake leo usiku, mapepeso 10 kwa sekunde 26, ni 1385. Klampu ya jirani haikukosea, mimi ndiye nilisahau volti. Lile kubwa libaki la umeme wa Luku, si la inveta. Nimechukua dogo la lita moja, limeandikwa 900-1100W, na kabla sijalipa nilimwomba muuzaji maltimita: omu 53. Kwa 230 ni kama wati 1000, ampia 4.3. Alinitazama sana.

mama_pasi
Ulibonyeza swichi lakini?

Mpishi_Kijichi
Mara ya pili, dada. Ya kwanza iliandika OL.